Mfanyakazi si Namba

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Waislamu wa Msowero, wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemwumba mwanadamu na kumtukuza juu ya viumbe vingi, Akamjaalia riziki ipatikanayo kwa jasho lake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye alichunga kondoo kabla ya kuchunga watu.

Maudhui niliyopewa leo ni uongozi mahali pa kazi, na hasa uongozi ule unaomtanguliza mtu mbele ya kazi yake. Nilipoyataja maudhui haya kwa baadhi ya ndugu, walitabasamu. Walisema hayo ni maneno ya semina za mjini, ya watu wa viyoyozi na vitambulisho shingoni. Sisi wa Msowero ni wakulima wa mpunga na mahindi, yatuhusu nini?

Yatuhusu sana. Mwenye ekari kumi ambaye msimu wa palizi huita vibarua sita ni kiongozi kazini. Mwenye mashine ya kukoboa ni kiongozi. Mwenye pikipiki tatu alizowakabidhi vijana wamletee hesabu kila jioni ni kiongozi. Mama mwenye mgahawa na wasichana wawili wa jikoni, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, msimamizi wa ghala, wote hao wamewekewa watu chini ya mikono yao. Na watoto wetu wametawanyika: wengine wako katika hoteli za Mikumi, wengine katika kiwanda cha sukari huko Mbigiri, wengine walipata vibarua katika ujenzi wa reli ya kisasa, ambayo mwaka 2024 treni zake zilianza kusafirisha abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa kupitia hapa Kilosa. Miongoni mwao wapo wanaoongozwa, na wapo waliokwisha kuwa viongozi wa wenzao.

Mtume Mtukufu (s.a.w.) alitufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kwamba kila mchunga ataulizwa habari za wale aliopewa kuwachunga. Fundisho hili twalisikia mara kwa mara katika harusi na katika mambo ya nyumba. Leo naomba tulipeleke shambani, kiwandani na ofisini.

Neno lililozaliwa katika mashamba ya mkonge

Ndugu zangu, katika lugha yetu liko neno moja ambalo vijana huenda hawalijui vizuri, lakini wazee wa Kilosa hawahitaji kufafanuliwa. Neno hilo ni manamba.

Mkonge si mmea wa asili wa nchi hii. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, ukitokea Florida, Marekani, na kupitia Hamburg. Katika miche elfu moja iliyoagizwa, ni 62 tu iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yakaenea, na reli ya kati ilipofika katika bonde letu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi ya Kilosa nayo ikapandwa mkonge. Kimamba na Rudewa ni majina ambayo kwa miaka mingi hayakutajwa pasipo kutajwa mkonge.

Mkonge wataka mikono mingi, na kazi yake ni ngumu. Miiba yake huchoma, maji yake huwasha ngozi, na jua la bondeni mwalijua wenyewe. Wenyeji hawakuikimbilia. Kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu mbali, na mwaka 1944 waliunda ofisi yao ya kuandika wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu waliandikwa kutoka Kigoma, Songea na Njombe, na hata kutoka nchi za jirani. Mtu aliandikwa kwao, akapewa namba, akasafirishwa kwa namba, akapokewa kambini kwa namba, na asubuhi akaitwa kwa namba. Ndipo watu hawa wakaitwa manamba.

Kadi ya kazi iliitwa kipande, nayo ilihesabu siku thelathini za kazi. Siku ambayo mtu hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa. Aliweza kuingia shambani na umande wa alfajiri, akatoka jioni mikono imechanika, na siku yake isihesabiwe kuwa siku.

Wengi katika sisi tulioketi hapa ni wajukuu wa watu hao. Wakaguru na Wasagara, wenyeji wa nchi hii, walipokea wageni, wakaoleana nao na kuswali nao. Babu zetu walikuwa na majina mazuri, majina ya Mitume na ya masahaba, na majina ya makabila yao yenye maana. Lakini kwa mwenye daftari walikuwa tarakimu.

Sisemi haya ili tuwalaumu Wadachi na Waingereza na kisha tuondoke tumeridhika. Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nililishika daftari lile, wakati Wazungu walikuwa wameondoka zamani.

Niliyoyatenda mimi

Katika miaka ya 1980 nilikuwa mnyapara wa wakata mkonge katika shamba moja ambalo sitalitaja. Nilikuwa kijana, nimemaliza darasa la saba, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Hiyo ndiyo sifa iliyonipatia cheo. Nilikuwa na daftari la mahudhurio, kalamu ya buluu na kalamu nyekundu. Kila mkataji alikuwa na namba yake, na mimi nilijivuna kwamba nazikumbuka namba zote bila kufungua daftari.

Alikuwapo mtu mmoja wa makamo, mwenyeji wa Kigoma, mpole, mkataji mzuri. Namba yake ilikuwa 117. Juma moja mtu huyu alitoa mizigo pungufu siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza sikumwandikia. Siku ya pili sikumwandikia. Siku ya tatu nilimwambia mbele ya wenzake kwamba ikiwa mikono imechoka, arudi kwao akalime mihogo. Wenzake walicheka, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilifurahi walipocheka. Siku ya nne hakuja. Nilichukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya namba 117, na kesho yake nikamwingiza kibarua mwingine.

Kesho yake hiyo ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala imamu akatangaza kwamba uko msiba kambini, na jeneza litatoka alasiri. Tulikwenda. Aliyefiwa alikuwa yeye. Mke wake alikuwa mgonjwa tangu alipojifungua, na usiku kucha mume alimuuguza, mara nyingine akimbeba mgongoni kumpeleka zahanati, kisha alfajiri akaingia shambani bila kulala. Majirani wote wa kambi walilijua jambo hilo. Mimi niliyemwona kila siku sikulijua, kwa sababu sikuuliza.

Na liko lililo zito zaidi. Mtu huyu na mimi tulikuwa tukiswali msikiti mmoja, na mara nyingi safu moja, bega kwa bega. Nilipomshika mkono kumpa pole, nilifungua kinywa nimwite kwa jina lake, nikagundua kwamba silijui. Nililolijua ni 117.

Nilimweleza msimamizi wangu habari za zile siku tatu. Akasema daftari limekwisha kufungwa. Nami nikaona ni vyepesi kukubali jibu hilo kuliko kubishana. Baada ya majuma mawili yule bwana aliondoka na kichanga chake. Miaka mingi baadaye nilimtafuta, nikauliza kwa watu wa Kigoma, sikumpata. Nimetoa sadaka kwa nia yake, lakini ninyi mwajua kwamba haki ya Mwenyezi Mungu huombewa msamaha kwa Mwenyezi Mungu, na haki ya mja yataka radhi ya mja mwenyewe. Siku zile tatu ningali ninadaiwa.

Ndiyo sababu nilipoombwa kusema juu ya maudhui haya sikukataa. Sikuja kama mwalimu, nimekuja kama mdaiwa anayewaonya wenzake wasikope pale alipokopa yeye.

Mwanamke aliyefagia msikiti

Katika Hadithi zilizo sahihi imo habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Hakuwa mtu wa cheo, na kazi yake haikuwa ya kusifiwa. Siku kadhaa zikapita Mtume (s.a.w.) asimwone, akauliza habari zake. Akaambiwa kwamba amefariki, na kwamba wamekwisha kumzika. Masahaba walikuwa wameliona jambo lake dogo, hawakutaka kumsumbua Mtume kwa ajili yake. Yeye hakuridhika. Aliwauliza kwa nini hawakumwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia.

Tuitazame vizuri habari hii. Mtume (s.a.w.) wakati ule alikuwa mkuu wa dola, kadhi, amiri wa jeshi na imamu. Wajumbe walimjia, na vita vilimkabili. Pamoja na mambo yote hayo aliona kwamba mfagiaji hayupo. Na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuuliza. Msikiti haukukosa ufagio. Bila shaka mtu mwingine aliweza kuufagia. Laiti angetafuta kazi tu, asingetambua pengo lolote. Alitambua pengo kwa sababu alikuwa akimwona mtu.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya aina mbili za uongozi. Mfanyakazi asipofika, kiongozi wa aina ya kwanza husema, "Nani atashika nafasi yake?" Kiongozi wa aina ya pili husema, "Amepatwa na nini?", kisha naye hutafuta wa kushika nafasi ile, maana kazi haisimami. Maswali yote mawili ni ya lazima, na lililo la haki ndilo litangulie. Mimi kwa namba 117 niliuliza la kwanza peke yake.

Sayidina Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi, naye alishuhudia kwamba katika muda wote huo hakuguniwa hata mara moja, wala hakusailiwa kwa ukali kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Anas alianza utumishi akiwa mtoto, na mtoto hukosea kila siku. Sisi twamwajiri msichana wa kazi wa umri ule ule, naye husikia karipio kabla hajasikia salamu ya asubuhi.

Na katika mwaka wa tano wa Hijra, Madina ilipotishiwa na majeshi ya Makabaila, shauri la kuchimba handaki lilitoka kwa Salman (r.a.), mgeni kutoka Uajemi ambaye si muda mrefu alikuwa ametoka utumwani. Mtume alilipokea. Kisha akashika kazi pamoja na wachimbaji, akabeba udongo mpaka vumbi likamfunika mwili. Sahaba Jabir (r.a.) alipoona njaa iliyompata Mtume, alichinja mwanambuzi na kupika shayiri kidogo, akamwalika yeye na watu wachache tu, kwani chakula hakikutosha. Mtume (s.a.w.) aliwaita wachimbaji wote waende naye. Mwenyezi Mungu Akatia baraka, wakala wote. Nasi tuchukue adabu iliyomo: kiongozi hakuona kwamba inafaa yeye kushiba na watu wake wakiwa na njaa. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtume alikataa shibe ile inayomfanya mtu asiwajue wengine.

Dharau huumiza kuliko uchache wa mshahara

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Watu walitumaini kwamba bwana akiwa mwenzetu, uonevu umekwisha. Mwaka 1970 Rais Nyerere alitoa Waraka Namba 1 ulioagiza kuundwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka 1971 chama cha TANU kikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ilimharamishia kiongozi kiburi, anasa, dharau na udhalimu.

Wafanyakazi waliisoma ibara ile kwa makini kuliko viongozi wao walivyotarajia. Katika miaka michache iliyofuata, viwanda vingi vya Dar es Salaam viliona watu wakiweka zana chini. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia nje mwajiri wao, wakakiendesha kiwanda wenyewe. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba malalamiko mengi ya wakati ule hayakuwa juu ya mshahara. Yalikuwa juu ya matusi, juu ya mameneja waliosema na watu wazima kama wanaosema na watoto, juu ya kufukuzwa mtu pasipo kusikilizwa. Mtu huvumilia kipato kidogo akijua kwamba shida ni ya wote. Lakini dharau humkaa moyoni, hulala nayo na kuamka nayo.

Kwa upande wa mkonge, mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000. Katikati ya miaka ya 1980 hazikufika hata 40,000. Sababu zilikuwa nyingi: nailoni iliteka soko la kamba, bei ikaanguka, mitambo ikachakaa. Wala sitadai kwamba ukali wa wanyapara ndio uliouangusha mkonge. Lakini naliona hili kwa macho yangu, kwamba mwenye shamba alibadilika, bendera ilibadilika, na daftari la asubuhi halikubadilika. Tulirithi ofisi, na pamoja nayo tulirithi jicho la kumtazama mfanyakazi. Sheria na nyaraka ni kinga njema, lakini haziwezi kumtia mtu huruma asiyoitaka.

Namba zimerudi kwa sura nyingine

Leo kipande hakipo. Lakini kijana akiajiriwa katika kampuni hupewa namba ya utumishi, huweka kidole kwenye mashine aingiapo na atokapo, na kompyuta huhesabu dakika zake. Msimamizi aweza kumpa onyo kwa ujumbe wa simu saa nne ya usiku, bila kumwona uso. Waweza kumfukuza mtu ambaye hujapata kusikia sauti yake.

Sisemi kwamba namba ni haramu. Mshahara hauhesabiki bila namba, na aghalabu daftari lililoandikwa vizuri ndilo ushahidi wa mnyonge. Kosa langu halikuwa kuandika 117. Kosa langu lilikuwa kukomea hapo.

Serikali imeweka sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, yatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na yampa mama aliyejifungua likizo ya uzazi ya siku 84. Mtu asiachishwe kazi bila sababu ya haki wala bila kufuata utaratibu wa haki. Aliyeonewa aweza kupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wala asichelewe, kwa kuwa shauri la kuachishwa kazi lapaswa kufikishwa ndani ya siku 30. Na tangu mwaka 2015 uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa ajili ya wanaoumia kazini. Yatupasa tuyajue hayo na kuyatimiza, kwani Mwislamu hutimiza ahadi zake. Lakini kibarua wa palizi na msichana wa mgahawa mara nyingi hawana karatasi yoyote. Wao wanatutegemea sisi na hofu yetu ya Mwenyezi Mungu.

Mambo matano ya kutenda

Naomba niyataje mambo matano ambayo kila mwenye watu chini yake aweza kuyaanza kesho asubuhi bila gharama kubwa.

Kwanza, jueni majina. Vibarua sita si wengi wa kumshinda mtu kukumbuka. Jueni na wanakotoka, na anayewangojea nyumbani. Ukimwita mtu kwa jina lake, umemwambia kwamba unajua yupo.

Pili, ulizeni kabla ya kuhukumu. Mfanyakazi mzuri akibadilika ghafula, pana jambo. Mwite kando, si mbele ya wenzake, umwulize kwa upole. Neno moja la namna hiyo lingenitosha mimi. Huenda lisingemponya yule mama, lakini mumewe angekuwa karibu naye siku zile za mwisho badala ya kuwa shambani akishindana na kalamu yangu.

Tatu, lipeni ujira kwa wakati. Mtume (s.a.w.) aliagiza kwamba mfanya kazi apewe ujira wake jasho lake lingali bichi. Hapa kwetu tunayo desturi mbaya ya kumwambia kibarua asubiri mpaka mpunga uuzwe. Mpunga wako ukisubiri bei, yeye watoto wake hawasubiri. Kama huna fedha za kumlipa, mwambie kabla hajashika jembe, ili achague mwenyewe.

Nne, takeni shauri kwa anayeifanya kazi. Kijana anayeendesha mashine ya kukoboa husikia mlio wa ubovu kabla mwenye mashine hajajua. Handaki la Madina lilitokana na shauri la mgeni. Kiongozi anayesikiliza hapunguzi cheo chake, hupunguza makosa yake.

Tano, msiwatwike watu wasiyoyaweza. Na mkiwatwika, wasaidieni. Hivyo ndivyo alivyoagiza Mtume wetu juu ya wale waliowekwa chini ya mikono yetu. Na katika Suratul Qasas twasoma jinsi mzee wa Madyan alivyomwajiri Nabii Musa (a.s.). Alimweleza muda wa kazi wazi wazi, miaka minane, na kwamba akitimiza kumi itakuwa ni hiari yake. Na akamhakikishia kwamba hakusudii kumtia mashakani. Huo ni mkataba mfupi, nao una kila kitu: muda, malipo, hiari na ahadi ya kutomwonea mtu.

Jibu kwa wanaohofia uzembe

Najua liko swali mioyoni mwenu. Mtasema kwamba ukimwonea mtu huruma sana atazembea, atachelewa, ataiba, na kwamba watu wa siku hizi hawaendi bila ukali. Swali hili ni la haki.

Jibu langu ni kwamba kumjali mtu si kumwachia kazi iharibike. Handaki lilichimbwa likakamilika kabla adui hajafika. Kiongozi wake alikuwa mpole kuliko watu wote, na kazi haikulegea. Binti wa Madyan alipompendekeza Musa kwa baba yake alizitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Sifa hizo twaruhusiwa kuzidai kwa kila tunayemwajiri. Na ninyi mnaoajiriwa, jueni kwamba onyo la Kurani Tukufu kwa wapunjao vipimo halikushuka kwa wenye mizani ya dukani peke yao. Aliyelipwa kwa saa nane akatoa saa tano naye amepunja. Kijana aliyekabidhiwa pikipiki akaficha hesabu naye amepunja.

Mzembe aambiwe uzembe wake, aonywe, na asipojirekebisha aondolewe kwa haki. Lakini hakuna awezaye kumtenga mzembe na mwenye msiba pasipo kuwajua wote wawili. Katika daftari langu wawili hao walifanana, maana wote walikuwa na mizigo pungufu. Asiyewajua watu wake humwadhibu mwenye msiba na mara nyingine humtunuku mwerevu wa kujificha. Kwa hiyo kumjua mtu ni huruma, na pia ndiyo njia ya pekee ya kufanya uadilifu.

Wahenga wametuambia kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mpunga ulio ghalani umeundwa na mikono ya watu. Reli ipitayo katika milima ya Kilosa imeundwa na mikono ya watu. Mkonge uliojenga miji na kulisha meli za Ulaya kwa miaka mingi uliundwa na mikono ya babu zetu, na makaburi yao mengine yamo humu mashambani, hayana majina.

Ndugu zangu wapenzi, nimalizie kwa ombi. Leo jioni kila mwenye kufanyiwa kazi akae awahesabu watu wake, si kwa vichwa bali kwa majina. Akikwama kwa mmoja, kesho amwulize jina lake na habari za nyumbani kwake. Na kama iko siku ya mtu uliyokataa kuiandika, na mtu huyo ungali unajua anakoishi, usingoje. Nenda kamlipe angali hai, nawe ungali hai. Mimi nilingoja, na njia ikafungwa.

Tumwombe Mwenyezi Mungu Awarehemu wote waliofanya kazi katika nchi hii pasipo kuitwa kwa majina yao, Yeye Ambaye hakuna jina linalompotea. Atujaalie tuwe wachunga wema kwa wale Aliotukabidhi, Atuonyeshe makosa yetu kabla ya siku ambayo madaftari yote yatafunguliwa, na Awaridhishe waja tuliowadhulumu kwa fadhila Zake. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.